Maua ya kudarizi kwa mashine: uzoefu wangu na mkusanyiko mmoja, Kampala

Mkusanyiko ninaouzungumzia ni wa michoro 40 ya maua, yaani faili zinazoiongoza cherehani ya kudarizi, uliouzwa na duka moja la mtandaoni la ng'ambo kwa dola 18, na tangu niulipie nimeushona kwenye foronya, vitambaa vya meza, magauni ya watoto na mishipi ya gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, ambalo wateja wangu huvaa kwenye shughuli za kwanjula, yaani sherehe ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi wa binti. Natanguliza maoni yangu kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: sehemu kubwa ya michoro hii ni mizuri na imekwisha kurudisha fedha yake, lakini ipo michache inayopendeza kwenye picha ya tangazo kuliko inavyopendeza ikishashonwa. Tofauti hiyo haitokani na uzuri wa ua lenyewe, bali na namna aliyeuandaa mchoro alivyopanga mishono, na jambo hilo wauzaji hulinyamazia kwa sababu picha haiwezi kulionyesha.

Cherehani yangu ni ya nyumbani, ya sindano moja, na fremu yake, inayokishikilia kitambaa wakati wa kushona, hudarizi eneo la milimita 100 kwa 100. Faili zilikuja katika miundo kadhaa, ikiwemo PES ninayoitumia mimi, JEF na DST, zote zikiwa zimepangwa katika makabrasha yanayoeleweka. Anayetarajia kutumia DST, ambayo ndiyo inayosomwa na mashine nyingi za viwandani, ajue kwamba muundo huo hauhifadhi rangi. Unahifadhi tu mahali ambapo mashine itasimama ili uzi ubadilishwe. Jirani yangu mwenye mashine ya vichwa vingi alipoufungua mchoro wa waridi, kioo kilimwonyesha petali za kijani na majani ya zambarau, akadhani faili imeharibika, kumbe haikuwa na kasoro yoyote. Ilimbidi aichapishe karatasi ya mpangilio wa rangi iliyoambatanishwa na kuufuata mfuatano wake.

Karatasi hiyo ina udhaifu wake, kwa kuwa inataja namba za nyuzi za kampuni ambayo sijaiona kwenye maduka ya Kiyembe ninakonunua vifaa. Kiyembe uzi huchaguliwa kwa jicho: unaomba uitoe bobini nje ya duka, unaiangalia kwenye jua, unailinganisha na karatasi uliyoichapisha, na unarudi ndani kujadiliana bei. Kwa maua hilo halinisumbui sana, maana waridi lina sehemu zilizokolea na zilizopauka hata shambani, ila ningependelea karatasi ieleze rangi kwa maneno, mathalani pinki iliyokolea, pinki ya kati na pinki iliyopauka, badala ya namba tupu.

Waridi ndilo mchoro bora kuliko yote, na linastahili kuelezwa kwa kirefu. Mashine huanza na mishono ya msingi, ile mishono michache iliyotawanyika ambayo haitaonekana baadaye lakini hukishikilia kitambaa kwenye karatasi ya kukitegemeza kisisogee. Kisha kila petali hujazwa kwa satini, yaani mishono mirefu iliyolala sambamba, na mwelekeo wake hubadilika taratibu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kiasi kwamba uzi wa rangi moja huonekana una rangi mbili kadiri unavyoigeuza foronya mbele ya dirisha. Aliyeuandaa mchoro huu amezigawa petali pana katika vipande viwili, kwa sababu mshono wa satini unaozidi milimita saba au nane hulegea, hunasa kwenye pete na vikuku, na hatimaye hukatika. Pale petali mbili zinapokutana ameacha upana wa ziada kidogo sana, ili kitambaa kikivutwa na uzi, kama kinavyovutwa siku zote, pasibaki ufa mweupe katikati. Mambo haya mtu hayaoni kwenye picha, ila foronya ikishafuliwa mara kadhaa hujionyesha yenyewe.

Peoni ni kinyume chake. Ni ua la petali nyingi zilizopandana, na mwandaaji amezishona zote nzima nzima, moja juu ya nyingine, bila kuondoa mishono iliyofichwa chini ya petali ya juu. Matokeo yake ni mishono 31,000 katika mraba wa sentimita kumi. Kwa mwendo wa mishono 400 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa cherehani yangu, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa moja na robo kabla hujahesabu muda wa kubadilisha nyuzi, na katika mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, saa moja na robo ni kamari. Cherehani yangu hukumbuka ilipoishia, na nikiacha kitambaa ndani ya fremu huendelea palepale umeme ukirudi, lakini mteja anayesubiri barazani hakumbuki hayo. Nilipoishona peoni kwenye kitambaa chepesi chenye kung'aa, kama kile cha gomesi, kitambaa kilijikunja pande zote, na ua lenyewe likawa gumu mithili ya kipande cha zulia. Kwenye kanvasi nzito ua hilohilo linakaa sawa. Muuzaji angeandika hivyo kwenye maelezo yake, nisingekuwa na lawama.

Baadhi ya mafundi hudhani dawa ni kuupunguza mchoro kwenye kioo cha mashine. Mashine nyingi za nyumbani zinapopunguza ukubwa hazipunguzi idadi ya mishono, kwa hiyo ua la milimita 100 likishushwa hadi 60, mishono ileile inabanwa katika eneo lisilofika hata nusu ya lile la awali, sindano inapiga mahali pamoja tena na tena, na uzi unakatika. Kuongeza au kupunguza kwa asilimia 10 huwa hakuleti madhara. Kuzidi asilimia 20 sikushauri. Ndiyo maana nausifu mkusanyiko huu kwa michoro yake midogo, ambayo imekuja katika vipimo vitatu, kila kipimo kikiwa kimepangwa mishono yake upya.

Kuhusu gomesi, ambayo ndiyo kazi inayoniletea wateja wengi, nimefikia msimamo ambao si kila fundi ataukubali. Gomesi tayari ina mabega yaliyochongoka, mshipi mpana na kitambaa kinachong'aa, mara nyingi kikiwa na maua makubwa ya kuchapwa, hivyo ua lililojazwa uzi kutoka ukingo hadi ukingo hugombana na vazi lenyewe. Maua ya mistari mitupu, yaliyochorwa kwa mshono mmoja unaokwenda na kurudi, yanakaa vizuri zaidi kwenye mshipi, hayakivuti kitambaa, na huisha kwa dakika chache. Kwenye mkusanyiko yapo manane ya aina hii, na mojawapo, mmea unaotambaa wenye maua ya petali tano, umepangwa ili ncha yake ya mwisho ikutane na ncha ya mwanzo ya mchoro unaofuata. Kwa kuwa mshipi ni mrefu na fremu yangu ni ndogo, nalazimika kukifungua na kukifunga kitambaa mara nyingi, na hapo ndipo karatasi za vipimo halisi zilizoambatanishwa zilipodhihirisha faida yake: nazichapisha, nazipanga juu ya mshipi mzima, natia alama za msalaba kwa chaki, ndipo naanza kushona. Kanzu, kwa upande mwingine, siiwekei maua hata nikiombwa. Nakshi yake ya rangi ya damu ya mzee, inayoshuka kutoka shingoni hadi tumboni, inajitosheleza.

Kitambaa cha chini, kinachowekwa nyuma ya kazi ili kuitegemeza, nacho kina neno lake. Kwa pamba ngumu ya vitambaa vya meza, kitambaa kigumu cha kola wanachotumia mafundi wa mashati kinanitosha, lakini kwa kitambaa chepesi au kinachonyumbulika natumia ile karatasi maalumu ya kukatwa kwa mkasi, ambayo hubaki nyuma ya ua maisha yote ya nguo. Ile ya kuchanwa kwa mkono huacha ua bila tegemeo mara nguo inapofuliwa. Kwa taulo naongeza juu yake plastiki nyembamba inayoyeyuka majini, vinginevyo petali huzama kwenye manyoya ya taulo. Uzi wangu ni wa poliesta namba 40, ingawa rayoni hung'aa kwa upole zaidi, kwa sababu wateja wangu hawafui kwa uangalifu, na vitambaa vyeupe vya mezani hulowekwa kwenye dawa ya kung'arisha ambayo rayoni haiivumilii.

Malalamiko niliyoyasikia zaidi ni ya aina ya maua yenyewe. Tulipu zipo, lavenda zipo, ila bogenvilia inayofunika kuta za nusu ya Kampala haimo, wala asumini. Hajati mmoja wa Bombo alipopitia picha zote kwenye simu yangu aliniambia, "Mwanangu, haya ni maua ya kwenye kalenda. Asumini yangu iko wapi?" Nilimshonea lile ua dogo la petali tano kwa uzi mweupe na kiini cha manjano iliyopauka, akaridhika, akaagiza foronya za binti zake wawili.

Leseni inaruhusu kuuza vitu nilivyovishona, na inakataza kugawa faili. Nalitaja hili kwa sababu katika mitaa yetu michoro huzunguka kwa flashi na WhatsApp kama vile haina mwenyewe, na mara nyingi nakala hizo zimekwisha kupunguzwa na kuongezwa na watu wengi hata mishono yake imevurugika.

Huduma ya duka ilikuwa ya kuridhisha. Niliwaandikia kuhusu alizeti, ambayo mbegu zake za katikati zilikuwa zimesongamana kama petali za ile peoni, na baada ya siku chache wakanitumia bila malipo toleo la mishono 14,000, lenye mbegu zilizoachana kidogo ili rangi ya kitambaa ipenye katikati yake. Hilo ndilo ninaloshona sasa kwenye foronya. Kuhusu peoni walijibu kwamba hawana toleo jepesi, kwa hiyo nimeihamishia kwenye mifuko ya kanvasi ya kubebea vitu sokoni, na huko inauzika.