Niliandika 120, TidalCycles ikaniaibisha ukumbini

Nimeitumia TidalCycles, programu ya kupiga muziki papo hapo kwa kuandika msimbo, kwa muda wa kutosha kuipenda, lakini leo naandika nikiwa na hasira, kwa sababu lililonipata katika ukumbi mmoja hapa Dodoma miezi kadhaa iliyopita bado linanichoma kila nifunguapo kompyuta.

Nilikuwa nimezoea Sonic Pi, programu nyingine ya aina hiyo, ambako ukiandika use_bpm 120 unapata mapigo 120 kwa dakika, basi. Usiku ule niliona muziki wangu umepooza, nikaandika setcps 120, nikabonyeza Ctrl na Enter. Programu haikuuliza wala haikukataa. Kumbe namba ile huhesabu mizunguko, yaani duru nzima za ruwaza, kwa sekunde, na kwa kuwa kila mzunguko wangu ulikuwa na mapigo manne, nilikuwa nimeziagiza spika zitoe milio 480 ndani ya sekunde moja. Kilichosikika ni mngurumo wa mashine ya kusaga iliyoishiwa mtama. Neno la kunyamazisha kila kitu ni hush, herufi nne tu, nami kwa kutetemeka nikalikosea mara mbili. Fundi mitambo akachomoa waya, kisha akatangaza kwa kipaza sauti: "Kijana, kama hujui kupiga, waachie wenye ngoma zao."

Wenye ngoma zao walikuwa akina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo, waliokuwa wakisubiri zamu yao. Hao hawakunidharau, mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo yako inakimbilia wapi?" Sikuwa na jibu.

Nilichotakiwa kuandika ni setcps (120/60/4), yaani 0.5. Ukiiwasha bila kugusa kitu huanzia 0.5625, ambayo kwa anayehesabu nne ni mapigo 135 kwa dakika. Nani atagawanya namba kichwani huku watu wanamtazama? Nilirudi nyumbani Nkuhungu nimeshaamua kuipa nyota moja, na hiyo kwa huruma.

Hata hivyo, swali la yule mama halikuniacha nilale. Nikaandika kwenye njia ya kwanza, d1, "bd bd" (ngoma mara mbili) na kwenye ya pili, d2, "cp cp cp" (makofi mara tatu), na mbili kwa tatu zikakaa ndani ya mzunguko mmoja bila mimi kupima urefu wa mlio wowote, kazi ambayo kule Sonic Pi ningeifanya kwa kupanga sleep, amri ya kusubiri, moja baada ya nyingine. Nikapandisha mwendo hadi 0.6, zote zikapanda pamoja. Nikaweka fast 2, yaani mwendo mara mbili, kwenye makofi peke yake, ngoma ikabaki palepale. Kipimo kilichoniaibisha ndicho kinachoziwezesha ruwaza hizi kuishi pamoja, na inaniuma kukiri hivyo.

Kwa hiyo naipa nyota tatu, au nne. Nitaamua hasira ikipoa. Bado nasema programu inayopokea 120 kimyakimya ina kiburi. Ila yule fundi mitambo simpi hata moja.