Kufuatilia mvua za radi Kanda ya Ziwa: nini ununue kwanza, nini kisubiri, nini uache dukani

Anayeishi Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu au Entebbe hana haja ya kusafiri kutafuta radi. Ziwa Victoria linazitengeneza lenyewe, tena kwa ratiba. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na kuanzia saa nane hivi mawingu hupanda juu ya miinuko ya Kisii, Kericho na Nandi. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, upepo unashuka ziwani kutoka pande zote, unakutana juu ya maji, na hewa inakosa njia nyingine isipokuwa kupanda. Kufikia alfajiri radi inapiga katikati ya ziwa, na upepo wa mashariki unaisukuma kuelekea Bukoba. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, huku Musoma, ng'ambo ya maji yaleyale, ikibaki nyuma sana. Ukisogea magharibi zaidi hadi Kivu, mambo ni makubwa kuliko hapo: uchambuzi wa data za TRMM, setelaiti ya kupima mvua, uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kongo, kuwa ya pili duniani kwa radi, mimweko 205 hivi kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu.

Kwa hiyo vuli ikikaribia, anayeanza huuliza: ninunue kituo gani cha hali ya hewa? Jibu langu ni kwamba usianze na kituo. Kituo hupima pale kilipofungwa. Wingu la radi huzaliwa, hukomaa na kufa ndani ya saa moja au mbili, na kituo chako kinapoonyesha kwamba upepo umegeuka na joto limeshuka ghafla, mvua tayari iko juu ya bati lako. Anayefuatilia na kutabiri anahitaji kwanza kuona mbali. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho: kila shilingi inakununulia dakika ngapi za kujua mapema.

1. Simu uliyonayo, bando na pawabenki

Hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda hiki. Shirika la setelaiti za hali ya hewa la Ulaya, EUMETSAT, lilirusha Desemba 2022 setelaiti ambayo sasa inaitwa Meteosat-12. Inaitazama Afrika nzima muda wote, inatoa picha mpya kila dakika 10, na imebeba kamera nne zinazonasa mimweko ya radi yenyewe, mchana na usiku. Picha zake unaziangalia bure kwenye tovuti ya EUMETView. Hiyo dola 0 inakupa kitu ambacho miaka michache iliyopita mtabiri wa kulipwa hakuwa nacho.

Jifunze kuzisoma. Fungua picha ya infraredi, ambayo huonyesha joto la vilele vya mawingu; kilele kinapokuwa cha juu zaidi ndivyo kinavyokuwa cha baridi zaidi, na mawingu makubwa ya radi kwetu hufikisha nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Usiishie kwenye picha moja. Fungua tatu zinazofuatana, upime doa limekua kiasi gani ndani ya dakika 20 na ukingo wake upi ni mkali. Ukingo mkali, uliokatika wima, ndiko wingu linakozaliwa upya. Ukingo unaofifia taratibu ni barafu ya juu iliyopeperushwa na upepo, mara nyingi haina mvua ya maana chini yake. Mwenye mazoea ya kuangalia saa tisa usiku anaweza kumwambia jirani wa Bukoba asianike dagaa asubuhi hiyo.

Tahadhari moja kuhusu ramani za radi. Blitzortung, mtandao wa watu wa kujitolea, ni kazi nzuri sana, ila vituo vyake vimejaa Ulaya na hapa kwetu ni vichache, kwa hiyo hukosa radi nyingi. Ikionyesha radi, amini. Isipoonyesha kitu, usiichukulie kuwa ushahidi wa utulivu.

Fedha itoke kwenye bando na pawabenki ya ukubwa wa kutosha, mAh 20,000 hivi, kwa sababu umeme hukatika saa ileile unayoihitaji simu kuliko saa nyingine zote. Usisahau pia kufuata taarifa za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya au za UNMA ya Uganda. Mwanza kuna rada ya TMA, na utabiri wa wavuvi na wasafiri wa ziwani hutolewa kila siku bila malipo.

2. Redio ya zamani yenye mawimbi ya AM

Wengi watashangaa kuiona nafasi ya pili. Kila radi ni pigo la redio. Weka redio kwenye AM (baadhi zimeandikwa MW), sogeza mshale mwanzo kabisa wa kipimo, mahali pasipo na stesheni, kisha sikiliza. Kila mmweko husikika kama mpasuko mkavu, kra!, na mchana mipasuko hiyo hukufikia kutoka makumi ya kilomita, kabla hujasikia ngurumo hata moja.

Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha pia mwelekeo. Ndani ya redio, kwa kawaida sehemu ya juu, kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Ndiyo antena ya AM. Shika redio ikiwa imelala sawa, uizungushe polepole huku ukisikiliza. Kuna mahali mipasuko itafifia karibu kupotea: hapo ncha za kijiti zimeelekea kwenye radi. Zitakuwa pande mbili, mfano mashariki na magharibi, na picha ya setelaiti itakuambia ni upande upi kati ya hizo. Kabla ya kuanza zima taa za LED na uchomoe chaja, maana navyo vina kelele. Fanya zoezi hili mchana. Usiku mawimbi ya AM husafiri mbali mno na utasikia radi za Kongo zikichanganyika na za kwako.

Dukani hakikisha kwanza ina AM, kwani redio nyingi za bei rahisi sasa ni FM tupu. Ya mshale inafaa kuliko ya tarakimu. Ya mtumba sokoni inatosha kabisa.

3. Kipimamvua cha mkono

Utabiri usiokaguliwa haukui, na chombo cha kuukagulia ni hiki. Kilicho bora ni cha plastiki chenye mdomo wa sentimita 10: bomba jembamba la ndani linapokea milimita 25 za kwanza kwa vipimo vikubwa vinavyosomeka vizuri, na zinazozidi humwagikia bomba la nje, hadi jumla ya milimita 280 hivi. Vile vidogo vya umbo la kabari vya bei ya chini hujaa na kufurika katika mvua moja nzito ya Aprili, usivinunue.

Kifunge mbali na nyumba na miti, angalau mara mbili ya urefu wa kilicho karibu. Soma kila siku saa tatu asubuhi, muda uleule wanaosoma waangalizi wa vituo rasmi, ili namba yako ilingane na ya kwao. Usiende kukisoma radi ikiwa bado inapiga. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

4. Kitambua radi

Hapa ndipo fedha ya maana inapoanza kutoka. Vitambuzi vingi vya watu binafsi vimejengwa juu ya chipu moja, AS3935, inayokadiria umbali wa ukingo wa mbele wa radi kutoka kilomita 40 hadi 1, kwa hatua 14. Cha kampuni ya Ecowitt, WH57, ndicho ninachokipendekeza: kinatumia betri mbili za AA, kinakaa nje, kinatuma taarifa kwenye kisanduku cha Wi-Fi na kutoka hapo hadi simuni. Wingu linalosogea kilomita 40 kwa saa likigunduliwa mwisho wa uwezo wake, umepata saa nzima ya kujiandaa. Mwelekeo hakijui, na ndiyo maana redio imetangulia.

Kasoro yake ni kudanganywa. Mota ya pampu, mashine ya kuchomelea ya jirani, hata taa mbovu, vyote huweza kusomwa kuwa radi. Kifunge mbali na ukuta wenye nyaya, na ukiona "radi, kilomita 5" anga likiwa jeupe, kihamishe mita chache ujaribu tena kabla ya kumlalamikia muuzaji.

5. Kituo kamili cha hali ya hewa

Sasa ndiyo zamu yake, na kina kazi nzuri: kuweka kumbukumbu. Radi inapofika utaona shinikizo linaruka juu kidogo, joto linaporomoka, upepo unageuka ndani ya dakika chache, na kumbukumbu za misimu miwili mitatu zitakufundisha tabia ya mahali pako kuliko programu yoyote.

Kuna njia mbili za kweli. Davis Vantage Vue ni imara, hutuma kipimo cha upepo kila sekunde 2.5, na hudumu miaka mingi. Lakini bei yake ni nzito, na ukitaka data zifike mtandaoni mara nyingi utanunua kifaa kingine juu yake. Ecowitt hukuruhusu kununua kidogokidogo, na kwa kipato cha wengi wetu hiyo ndiyo njia. Anza na kisanduku cha Wi-Fi pamoja na WH57 hapo juu, halafu fedha ikipatikana ongeza WS90, kihisi chao cha nje cha upepo na mvua.

Kwa nini WS90 na si kile chenye vikombe vya kuzunguka? Kwa sababu ya wadudu. Kandokando ya ziwa vijidudu hupaa kwa mamilioni kama moshi, huangukia kwenye funeli ya mvua na kuiziba; buibui nao hufunga kikombe cha upepo kwa utando. WS90 haina kinachozunguka wala kinachopinduka: upepo hupimwa kwa mawimbi ya sauti, mvua kwa mtikisiko wa matone juu ya kifuniko. TAHMO, mradi unaofunga vituo kwenye shule nyingi za Afrika, nao ulichagua vituo visivyo na sehemu zinazocheza. Udhaifu wa WS90 uko kwenye kiasi cha mvua, hasa mvua nzito, lakini wewe tayari una kipimamvua cha mkono cha kuirekebishia.

Usikifunge kwenye nguzo ya chuma iliyopita paa kwa urefu. Na kabla ya kukifunga Tanzania, pita ofisi ya TMA iliyo karibu uulize taratibu za vituo vya watu binafsi.

6. SDR ya kupokea setelaiti moja kwa moja

Ni redio ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, dola 30 hadi 50 pamoja na antena. Inafundisha sana na ninaipenda. Ila miongozo mingi ya zamani bado inakuambia uinunue kwa ajili ya setelaiti za Marekani NOAA-15, 18 na 19, na zote tatu zilizimwa mwaka 2025. Zilizobaki kwenye masafa hayo ni Meteor-M za Urusi, megahezi 137.9. Hupita mara chache kwa siku, na wingu lako la saa kumi jioni litakuwa limezaliwa na kufa kati ya mapito mawili. Nunua ukitaka kujifunza redio.

Usinunue

Barometa ya ukutani yenye maneno ya "mvua" na "jua". Imetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, shinikizo halisi hapa ni karibu hektopaskali 890, na mshale utalala kwenye "dhoruba" mwaka mzima; nyingi hazirekebishiki kufika huko. Hata ikirekebishwa, karibu na ikweta shinikizo hupanda saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kila siku, mvua iwepo isiwepo.

Vipimaupepo vya mkononi viache pia. Kuvitumia lazima usimame nje wazi, na radi huua hata walio ndani: Juni 2011 shuleni Runyanya, Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18 waliokuwa ndani ya darasa. Ukihesabu sekunde chini ya 30 kati ya mmweko na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10; ingia kwenye jengo imara au gari la bati lililofungwa madirisha. Bodaboda na mtumbwi si makimbilio.

Ukiwa na muuzaji

Vifaa vya Ecowitt hutengenezwa kwa masafa tofauti, megahezi 433, 868 au 915, na kihisi cha 915 hakizungumzi na kisanduku cha 868 hata kikae mezani pamoja. Ya 915 ni ya soko la Marekani. Ndugu yako aliyeko huko akitaka kukuletea zawadi, mwambie aagize ya 868. Omba picha ya lebo iliyo nyuma ya kila kipande, si ya boksi. Hakikisha pia ruta yako inatoa Wi-Fi ya gigahezi 2.4, maana ya 5 peke yake visanduku hivi havioni. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha lebo, usimtumie pesa.