Kibubu cha Mbao cha Keko: Tathmini Baada ya Miezi Kumi na Mmoja

Ninaandika kuhusu bidhaa ya bei ndogo, kibubu cha mbao nilichotengenezewa na fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, kwa shilingi 15,000 mwezi Januari 2025, nikakivunja mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo. Wengi wanavifahamu vibubu hivi, hasa vile vilivyoandikwa majedwali ya namba ubavuni ambavyo wamachinga huvitembeza mijini. Hata hivyo, ni wachache wanaoeleza kinachotokea baada ya miezi mingi ya kutumbukiza fedha ndani yake, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Kwanza niseme hali yangu, kwa sababu kibubu hakimfai kila mtu kwa namna moja. Mimi ni karani wa stoo, naishi Mbagala, na baada ya makato ya NSSF hubaki na shilingi 380,000 kwa mwezi. Kwa miaka sita mshahara wangu uliisha kati ya tarehe 12 na tarehe 15, kisha siku zilizobaki zikawa za kukopa dukani na kuandikwa kwenye daftari. Jambo lililonielemea zaidi lilikuwa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba wetu hupokea kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, shilingi 600,000, kila ifikapo Desemba, na mtu anayeishi kwa mshahara hadi mshahara hana mahali pa kuzitoa fedha hizo kwa siku moja. Desemba ya 2023 nilikopa shilingi 400,000 kwa wakopeshaji wa aina ile inayoitwa kausha damu, nikarejesha jumla ya 520,000, kidogokidogo kila wiki, kwa miezi miwili. Zile 120,000 za nyongeza zilitosha kulipia kodi ya miezi miwili na zaidi. Sikutaka kurudi huko tena.

Hiki hakikuwa kibubu changu cha kwanza. Cha kwanza nilikinunua barabarani kwa shilingi 5,000, na kilinifundisha nini cha kuangalia wakati wa kununua. Kilikuwa cha plaiwudi nyembamba, mwanya wake ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha vidole viwili, na mfuniko wake ulishikwa na misumari minne mifupi. Mwezi wa tatu, nauli ilipokatika, nilikiinamisha nikachokonoa noti ya 5,000 kwa njiti mbili za fagio. Ilitoka bila shida. Wiki iliyofuata nilifanya hivyo tena, na kufikia mwezi wa tano kilikuwa kitupu. Kibubu kinachofunguka kwa njiti hakistahili jina hilo, maana kimeitwa hivyo kwa kuwa ni bubu: ukishakipa fedha hakikujibu.

Kwa hiyo Keko nilikwenda nikiwa na masharti. Niliomba mbao yenye unene wa sentimita mbili, pande zote ziunganishwe kwa gundi na misumari mirefu, kusiwe na bawaba wala kufuli, na mwanya uwe mwembamba wa kupitisha sarafu ya 500 au noti iliyokunjwa mara mbili tu. Kwa ndani ya mwanya fundi aliongeza kipande cha mbao kilicholala kwa mshazari, ili noti ikiteremka isiweze kurudi. Kipande hicho ndicho kilichonilinda mwaka mzima. Nilijaribu kuchokonoa mara moja tu, mwezi Aprili, mtoto alipoumwa, nikashindwa. Nilimwendea dada yangu akanisaidia, na fedha ya kodi ikabaki mahali pake.

Ubavuni tuliandika jedwali la shilingi 600,000: vyumba mia moja vya 1,000, vyumba mia moja vya 2,000, na vyumba sitini vya 5,000. Ukitumbukiza fedha, unaweka alama kwenye chumba chake. Uzuri wa mpango huu haukuwa katika kuhesabu, ulikuwa katika kuniruhusu kuchagua kulingana na siku ilivyo. Wiki ya mshahara niliweka noti za 5,000, na tarehe za katikati ya mwezi niliweka sarafu mbili za 500 na kujaza chumba cha 1,000. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la miaka yote. Nilikuwa nikisubiri mshahara ubaki ndipo niweke akiba, na haukubaki hata mara moja. Lakini chenji ya konda wa daladala, chenji ya dukani na soda niliyoahirisha kuinunua, hizo zilikuwepo kila siku, na zilikuwa zikipotea bila mimi kujua zimekwenda wapi. Kwangu mimi kibubu ni chombo cha kukamata chenji, na anayekinunua akitarajia kuweka humo mshahara kwa mkupuo atakata tamaa mapema.

Siku ya kukivunja tulitandika mkeka, mimi na mke wangu, nikatumia patasi na nyundo kwa karibu robo saa. Noti zilikuwa zimejikunja kama majani makavu na zilinuka gundi, na sarafu zilizozilalia zilikuwa zimezichapa duara kwenye karatasi. Jedwali lilisema tuna 540,000. Mkekani tulikuta 531,000. Hakuna aliyeiba. Mara kadhaa niliweka alama kwanza nikiahidi kutumbukiza jioni, na jioni ikapita. Tangu hapo sheria ya nyumbani ni fedha kwanza, kalamu baadaye. Upungufu wa 69,000 niliutoa kwenye mshahara wa Novemba, tukalipa kodi bila kukopa kwa mtu yeyote.

Dosari zake ni za kweli na zinafaa kusemwa wazi. Fedha iliyomo ndani haizai chochote, na kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mfumuko wa bei wa mwaka 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, kwa hiyo kila mwezi inapolala inapungua nguvu. Moto, mafuriko na wezi havina bima hapa. Tena, kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa kubadilisha noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, na nilimfikiria kila mzee ambaye kibubu chake kilikuwa hakijafunguliwa kwa miaka mingi. Mtu asiache fedha humo kupita mwaka mmoja. Mwenye akiba ya kutosha kuanzia anaweza kuihamishia kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia uwekezaji wa pamoja, mfuko ulioanza 2013, na aliye na wenzake wa kuaminika ana kikoba. Mimi nilianza na kibubu kwa sababu sikuwa na hata kianzio, na akiba iliyo kwenye simu ilikuwa karibu mno na kidole changu.

Ningempendekezea mfanyakazi yeyote mwenye deni moja kubwa linalojulikana tarehe yake, kama kodi au ada ya Januari. Asiye na tarehe maalumu atakivunja mapema, kwa kuwa atakosa sababu ya kusubiri.

Fundi nimeshamwagiza kipya. Safari hii nimemwomba agawanye ndani mara mbili, sarafu upande wake na noti upande wake, na aongeze kwenye jedwali vyumba thelathini vya 1,000 kwa ajili ya matibabu ya mtoto. Anadai shilingi 18,000, na nimempa 10,000 za kuanzia.