Muziki wa Dune (1984) wa Toto: uzoefu wangu baada ya kuusikiliza karibu mwaka mzima

Mi nilifika kwenye hii albamu kupitia ule wimbo wa Africa, kama watu wengi nadhani. Toto, ile bendi ya roki ya Marekani, nilikuwa nawajua kwa nyimbo mbili tatu tu, hiyo Africa na Rosanna na Hold the Line, sasa siku moja nikaamua nizipitie albamu zao zote kwa mpangilio wa miaka, nikafika 1984 nikakuta ziko mbili za mwaka huohuo. Moja Isolation, roki kabisa, na mwimbaji mpya Fergie Frederiksen baada ya Bobby Kimball kuondoka. Nyingine ni hii, Dune, muziki wa ile muvi ya mwongozaji David Lynch. Nikaibonyeza hiyo ya pili nikisubiri magitaa. Nikasubiri. Vipande vinapita, hamna gitaa, hamna mtu anaimba, ni fidla na matarumbeta na kwaya tu, mpaka nikarudi kuangalia jina la bendi kama nimefungua penyewe.

Siku ile niliizima kabla haijafika nusu. Naitaja hii kwa sababu najua mtu akija na kiu ya nyimbo za redio atafanya hivohivo, na ntasikitika, maana mi niliirudia baada ya wiki kadhaa, usiku, taa zimezimwa, hedifoni masikioni, na toka usiku ule hakuna albamu nimeisikiliza kuliko hii.

Kwa ambaye hajui habari yenyewe: Dune ni riwaya ya Frank Herbert ya 1965. Kuna sayari inaitwa Arrakis, jangwa tupu, maji huko ni kama dhahabu, chini ya mchanga kuna minyoo mikubwa ya kumeza mitambo mizima, na hukohuko ndiko pekee kinakopatikana kiungo ambacho falme zote za angani zinakigombania. Msomaji wa Kiswahili ana raha yake ya ziada hapa, maana maneno mengi ya watu wa jangwani mle Herbert kayatoa kwenye Kiarabu, kijana Paul, mhusika mkuu, anaitwa Mahdi, anaitwa tena Lisan al-Gaib, nawe unasoma unasema ala, si ghaibu hii hii yetu? Basi Lynch akaifanya muvi ya dakika 137, ikatoka Desemba 1984, na haikufika mbali, pesa iliyowekwa haikurudi kama walivyotegemea na waandishi wengi waliiponda. Nadhani ndo sababu muziki nao ulisahaulika, ulizikwa pamoja na muvi, na hapo mimi roho inaniuma kwakweli.

Sasa swali la kila mtu, bendi ya roki na okestra wapi na wapi? Mi pia nililiuliza, halafu nikaanza kufuatilia hawa jamaa ni kina nani. Toto hawakuwa vijana wa gitaa tatu na makelele. Walikuwa wapigaji wa kukodiwa studio, wale ambao ukitazama nyuma ya albamu za watu wengine majina yao unayakuta. Thriller ya Michael Jackson ya 1982 wamo, na Human Nature mle ndani muziki wake umetungwa na Steve Porcaro, mpiga kinanda wa Toto. Watu wa hivo wanajua kukaa nyuma ya kazi ya mwingine. Afu kuna David Paich, mtunzi na mpiga kinanda pia, baba yake Marty Paich alikuwa mpangaji wa muziki wa miaka mingi kweli, na ndo huyuhuyu mzee aliyesimama mbele ya okestra kuiongoza, akisaidiana na Allyn Ferguson. Okestra yenyewe ni Vienna Symphony, na kwaya ni ya Volksoper, jumba la opera la hukohuko Vienna. Nikisikiliza siku hizi huwa nawawaza hao wawili, mtoto katunga, baba ndo anawaashiria wapigaji sasa ingieni.

Main Title haifiki hata dakika mbili. Inaanza chini kabisa, sauti nzito za matarumbeta na fidla kubwa zikisema sentensi moja fupi ya noti chache, halafu wanairudia, halafu inapanuka, na ukiwa na hedifoni unasikia kabisa kwamba noti hazina haraka, zinaburuzwa kama mtu anayetembea kwenye mchanga laini, anatoa mguu, unazama, anautoa tena. Hiyo sentensi ndo uti wa mgongo wa albamu yote. Utakutana nayo ikiwa huzuni, ikiwa tishio, ikiwa sherehe, na kila mara ni noti zilezile. Mara ya kwanza sikuitambua hata kidogo, mara ya tano nikawa naisubiri.

Kuna siku mdogo wangu aliingia chumbani nikiwa nimetoa hedifoni nimeweka kwenye spika, kikawa kinapiga kile kipande cha Baron, yule mnene anayeelea hewani, akasimama mlangoni akaniuliza kaka, huyu anayekuja ni mtu mbaya eti? Muvi hajawahi kuiona, kitabu hajui, jina la kipande hajaliona. Nikamwambia umejuaje, akasema si unasikia anavyokuja. Akakaa chini tukamaliza wote.

Na sasa gitaa. Lipo! Linakuja kwenye Dune (Desert Theme), kipande cha zaidi ya dakika tano, ndo kirefu kuliko vyote. Unakuwa umeshapita karibu nusu ya albamu, masikio yameshazoea okestra, umeshasahau kabisa kwamba hawa ni Toto, halafu linaingia gitaa la umeme la Steve Lukather, pana, na drams za Jeff Porcaro chini yake, na kile ulichokuwa umekisubiri siku ya kwanza ukakikosa ukaondoka na hasira unakipewa ukiwa hukitegemei tena. Mwili unasisimka, sisemi kwa kupamba maneno. Kwenye muvi gitaa la namna hii linalia pale Paul anapompanda mnyoo kwa mara ya kwanza, amesimama mgongoni juu ya kitu kikubwa kama mlima kinachokata jangwa, na nilivyokuja kuitazama hiyo sehemu nikaelewa kwa nini walilibana gitaa muda wote ule, wangelimwaga tangu mwanzo hapo lisingekuwa na kazi ya kufanya. Hicho ndo kitu ninachowaheshimu kuliko vyote kwenye hii kazi. Bendi ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa na nyimbo zinapigwa dunia nzima, yenye Grammy ya albamu ya mwaka kabatini kwa sababu ya Toto IV, ikakubali kujificha mpaka wakati wake ufike.

Kabla tu ya hapo kuna kitu kingine na watu wengi hawajui kwamba sio cha Toto. Prophecy Theme ni ya mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, kaka mtu, pamoja na mdogo wake Roger Eno na Daniel Lanois. Zaidi ya dakika nne, haina haraka, haina ngoma, inaelea tu, sauti zinajaa polepole kama mwanga wa alfajiri halafu zinafifia. Kuna siku naipenda kuliko zote na kuna siku naona inakata safari, maana ghafla unahisi umeingia nyumba ya mtu mwingine. Lakini kukaa kwake palepale kabla ya jangwa na lile gitaa, yule aliyepanga albamu alijua anachofanya.

Malalamiko yangu ninayo pia. Kubwa ni la vipande vyenyewe, albamu ya 1984 ina vipande 17 na vingi havifiki dakika tatu, kuna ambavyo ndo kwanza unaanza kukaa sawa kimekatika. Leto's Theme, ya Leto baba yake Paul, ni mfano, yale ni majonzi ya heshima, ya mtu mkubwa ambaye unajua ataondoka, ningeisikiliza dakika saba bila kuchoka, wanakupa kidogo tu. Najua muziki wa muvi unafuata picha, picha ikikatika na muziki unakatika, sawa, lakini sikio halina picha. La pili ni ile Prologue ya mwanzo, sauti ya Virginia Madsen kama binti mfalme Irulan anakusimulia dunia yenyewe ikoje. Mara ya kwanza inapendeza sana, anaongea taratibu na sauti yake nzuri, ila albamu unayoisikiliza kila wiki hayo maelezo unayaruka. Mi sahivi naanzia Main Title moja kwa moja.

Anayetaka zaidi kuna toleo refu la 1997 lenye vipande vingi ambavyo havikuwemo mwanzo. Nimelisikiliza, na kwa shabiki ni hazina, vitu vya okestra vimepewa nafasi zaidi. Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza ntamwelekeza kwenye ile fupi, maana toleo refu linakutaka uwe tayari umeipenda ile sentensi ya noti chache, vinginevyo utaona wanarudia tu.

Wengine wataniuliza kuhusu Hans Zimmer, aliyetunga muziki wa zile muvi mpya za Dune za 2021 na 2024. Nazipenda, ile ya kwanza ilimpa Oscar na ilistahili, sauti zile za wanawake zinazopasua anga huwezi kuzisahau. Ila Zimmer anakutupa jangwani ukae humohumo kwenye upepo na joto, na mi nikitoka kule sibaki na wimbo wa kuuimba mdomoni. Toto wamenipa wimbo. Nikiwa naosha vyombo najikuta naupiga mluzi.

Na wimbo wenyewe hasa ni wa mwisho, Take My Hand. Melodi yake wameidokeza katikati ya albamu kwenye kipande cha dakika moja hivi, kidogo tu, kama mtu anayekuonjesha kwa ncha ya kijiko, halafu wanaiachia yote mwishoni. Kwenye muvi inapiga wakati majina yanapita, na nyuma ya majina wameweka bahari, mawimbi tu, na sura za waigizaji zinatokea juu ya maji. Baada ya zaidi ya saa mbili za mchanga mtu anakuonyesha bahari na anakupigia wimbo laini namna ile, mi nilibaki nimekaa mpaka mwisho wa majina.

Kwa sababu ya huo mwisho nikatafuta santuri, nikaipata kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, kasema iko safi haina mkwaruzo. Ina mkwaruzo, na uko kwenye Final Dream, palepale ambapo kwenye hadithi mvua inanyesha Arrakis kwa mara ya kwanza. Okestra na kwaya zinapanda, wewe unasubiri mvua, unasikia tik, tik, tik. Nilimwandikia muuzaji hakujibu. Na hata bila mkwaruzo jueni kitu kimoja, vipande vya mwisho vya upande wa pili vinakaa karibu na lebo katikati, kule mzunguko ni mdogo na sauti inabanwa mahali pafupi, kwahiyo okestra ikipiga kwa nguvu inaanza kukwaruza kidogo hata kwenye santuri mpya. Bahati mbaya hii albamu imeweka vilele vyake hapohapo. Kwa kusikiliza kweli chukueni sidii au faili zuri, santuri iwe ya kutazama jalada.

Mi bado naiweka hiyohiyo santuri usiku mmoja mmoja. Ikifika Final Dream nanyanyua sindano, naiweka mbele kidogo, kwenye Take My Hand.