Wimbo wa Kwanza wa Mapenzi: YouTube au Ukumbini?

Chipukizi wa Kisumu aliyetunga wimbo mtamu wa mapenzi huulizwa aanzie wapi: YouTube au kumbi za usiku za Kondele? Kupakia video ni bure, ingawa kuirekodi si bure, na mgawo wa mapato ya matangazo kwa video za kawaida (si Shorts, yaani video fupi) hauanzi kabla ya kufikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukumbini malipo hupatikana usiku uleule, lakini wimbo wa polepole humezwa na kelele za chupa, na waliokuwa wakicheza ohangla, muziki wa Waluo wa mdundo wa kasi, hurudi vitini mmoja mmoja (nimeliona hilo mara nyingi). Kwa kudumu, YouTube inashinda waziwazi. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa aanzie ukumbini. Anayekaa bado kwa wazazi anaweza kungoja YouTube ilipe.