Mita ya njano ya DT830 na chaji ya Land Cruiser na Defender kuukuu: inafaa wapi, inadanganya wapi

Mita hii inauzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme mjini Dodoma: ndogo, ya njano au nyeusi, swichi ya kuzungusha katikati, betri ya volti 9 ndani, na maandishi ya DT830 yakifuatiwa na herufi B, C au D. Inatengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo mbili zinazofanana sura zinaweza kutofautiana ubora. Kwa mwenye gari la dizeli la zamani, inunue. Alteneta (mashine inayochaji betri) isiyo na ubovu wowote huweza kung'olewa na kutupwa kwa kosa la ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi), na mita hii inatosha kuzuia hasara hiyo, mradi ujue pale inapodanganya.

Swichi iwe kwenye 20 upande wa volti za DC (umeme wa betri), siyo 200. Kwenye 20 unasoma 12.64, kwenye 200 unasoma 12.6 tu, na kati ya betri iliyojaa na iliyobaki nusu tofauti haifiki hata nusu volti. Gari likishalala usiku kucha, betri iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7; 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 ichaji kwanza, ndipo upime kitu kingine. Mita ikionyesha 13.5 kwenye betri ya maji iliyolala, usifurahi: betri ya volti 9 ya mita yenyewe imechoka. Ikichoka, mita husoma juu, na hapo regulata (kidhibiti cha chaji) husingiziwa kuzidisha chaji bure.

Kwa kipimo cha stata, chomoa waya wa solenoidi ya kuzima injini kwenye pampu ya dizeli, uufunge utepe usiguse bodi, kisha piga stata sekunde 5. Stata ya kugusa tu haitoshi, mita hii huchelewa kubadili namba. Gusa nguzo za risasi za betri zenyewe, siyo vibanio. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, imekwisha. Ikibaki 11 na stata bado inazunguka kivivu, tafuta kosa kwenye vibanio, nyaya au stata.

Injini ikiwaka, shikilia mizunguko kama 1,500 kwa dakika: 13.8 hadi 14.4 ndiyo chaji nzuri. Washa taa kubwa na feni ya ndani, isishuke chini ya 13.5. Kwa Land Cruiser zilizokuja na mfumo wa volti 24, zidisha namba zote mara mbili na uhamie skeli ya 200. Ikipita 15 kwenye gari la volti 12, regulata haidhibiti tena, na kwa jua la Dodoma betri hukauka upesi. Ongeza maji safi ya betri, siyo maji makali.

Kipimo kinacholipa bei ya mita ni cha volti zinazopotea njiani, na ndicho kinachorukwa mara nyingi. Injini ikiwaka na taa kubwa zikiwaka, weka waya mwekundu wa mita kwenye nati nene ya B+ (pale chaji inapotokea) nyuma ya alteneta na mweusi kwenye nguzo ya chanya ya betri. Ikizidi 0.3, waya au viungo vyake vimeoza. Kisha waya mmoja kwenye mwili wa alteneta na mwingine kwenye nguzo ya hasi: ikizidi 0.2, ethi ni mbovu. Gari linalozama kwenye tope la mbuga za Bahi masika na kula vumbi kiangazi huanza na ubovu huu kabla ya alteneta. Kwenye Defender, fungua mkanda wa ethi unaounganisha gia boksi na chesisi, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga upya. Kebo ya akseleta ikipata moto wakati wa kupiga stata, umeme unapita humo kwa kukosa ethi.

Taa ya betri ya dashibodi si pambo. Kwenye Defender yenye injini ya 300Tdi ndiyo inayoiamsha alteneta. Balbu ikiungua, alteneta inaweza kukaa kimya mpaka upige resi, au isichaji kabisa. Ukiwasha swichi ya gari bila kuwasha injini na taa haiwaki, chomoa waya mdogo wa alteneta uuguse kwenye bodi. Taa ikiwaka, kosa ni brashi za kaboni au regulata. Isipowaka, ni balbu au waya. Kwenye Toyota yenye plagi ya pini tatu, pini ya IG lazima iwe na volti za betri swichi ya gari ikiwashwa, na pini ya S iwe nazo muda wote. IG isipokuwa na umeme, anza na fyuzi.

Kwa injini ya 1HZ ya Land Cruiser mita haitakuambia jambo moja: pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya alteneta na inapakwa oili ya injini. Sili ikivuja, oili huingia ndani na kulowesha brashi. Kubadilisha brashi na kuiacha sili ile ile ni kutupa fedha. Mikanda miwili ya alteneta hiyo nayo hubadilishwa pamoja.

Usikubali mtindo wa kuchomoa tamino ya betri injini ikiwaka ili "kuona kama alteneta inachaji". Volti huruka ghafla na kuua dayodi au regulata iliyokuwa nzima.

Sasa udhaifu. Tundu la 10A kwa kawaida halina fyuzi. Litumie kutafuta umeme unaovuja gari likiwa limezimwa (zaidi ya ampea 0.05 ni wa kutiliwa shaka, chomoa fyuzi moja moja), usipige stata wala kuwasha taa, na ukimaliza rudisha waya mwekundu tundu la volti, la sivyo kipimo kinachofuata ni shoti. Skeli ya AC (umeme wa kwenda na kurudi) haichuji DC: ukigusa betri husoma kama 26, ukigeuza nyaya sifuri, kwa hiyo haifai kupima dayodi za alteneta. Tumia alama ya dayodi, betri ikiwa imechomolewa na waya wa B+ umetolewa: mwekundu kwenye mwili, mweusi kwenye B+, tegemea 800 hadi 1000; ukigeuza ibaki 1, yaani umeme haupiti. Sifuri pande zote ni dayodi zilizopiga shoti. Iliyokatika haitaonekana hivi.

Nyaya zake ni nyembamba na hukatikia shingoni. Kabla ya kulipa, weka 200 ya omu, gusanisha ncha huku ukizitikisa: zikiyumba au zikizidi omu 1, omba nyaya nyingine.