Oil ya gari au oil ya pikipiki, ipi ujaze ukimwaga mwenyewe nyumbani?

Wengi wakishamwaga oil ya pikipiki wanajazia ile iliyobaki ya gari, kisa namba zinafanana, 10W-40 kwa 10W-40. Namba hizo zinaongelea uzito tu jamani, yaani oil inavyotiririka. Gari la gia za mkono klachi yake kwa kawaida ni kavu, haigusani na oil ya injini, ila pikipiki nyingi injini, gia na klachi vyote vinaoga oil hiyohiyo, na oil nyingi nyepesi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, ikiingia kwenye pleti za klachi zinaanza kuteleza, unavuta mafuta injini inalia lakini chombo hakiendi, hasa mlimani ukiwa na mzigo.

Ya pikipiki geuza kopo usome nyuma, iwe na JASO MA au MA2 (alama za viwango vya Kijapani vya oil), hiyo ndo inaiacha klachi ishike. JASO MB waachie skuta za mkanda.

Filta badilisha vilevile, oringi yake ipake oil kidogo kabla hujafunga. Mimi ya gari siweki, hata ya bure, labda kopo lenyewe liwe limeandikwa JASO MA.